Dawa ya Kijikoni

Mama alifariki Jumanne asubuhi, na Jumanne hiyo ilikuwa siku ya kliniki. Alikuwa ameshavaa. Mkoba wake wenye kadi ya hospitali ulining'inia kwenye kitasa cha mlango, na binti yake alikuwa kitandani anafunga kamba za viatu. Mama alisema kichwa kinamgonga, akaingia bafuni kunawa uso. Kilichosikika baadaye ni ndoo kupinduka. Presha, walisema. Kufika saa nne mlango ulikuwa umejaa viatu vya watu, na hakuna aliyekumbuka kwamba saa mbili kuna mtu alitakiwa kupimwa damu.

Mtu huyo aliitwa Tiki. Ni jina la utani alilopewa na watoto wa jirani alipokuwa na miaka tisa, aliporudi kutoka kwenye upasuaji wa moyo na valvu ya chuma kifuani. Ukikaa naye karibu mahali pa kimya, uliisikia: tik, tik, tik. Sasa alikuwa na miaka kumi na minane na miezi minne, amempita mama yake kwa kimo, na katika maisha yake alikuwa hajameza kidonge hata kimoja.

Dawa yake aliinywa kwa kijiko. Alipotoka hospitalini mara ile alikuwa akitapika kila kidonge, basi mama akawa anakisaga, anakikoroga na maji ya sukari, anamwambia afungue mdomo. Alikuwa anafumba macho kwa sababu ya uchungu. Miaka tisa ikapita hivyo, kila jioni baada ya chakula, na hakuna aliyesema sasa basi.

Ilikuwa dawa ya kuzuia damu isigande. Ikipungua, damu huganda kwenye kile chuma na moyo unakwama. Ikizidi, mwili unavuja. Daktari aliyempasua alimweleza mama mara moja tu, na mama hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Baba siku hiyo alikuwa dukani anashona.

*

Jioni ya siku ya mazishi, Baba alifungua kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati, ambamo mama aliweka dawa. Ndani kulikuwa na chupa ya vidonge na vifurushi vidogo vya karatasi, kimoja kwa kila siku, vimefungwa kwa uzi kutoka dukani kwake. Mama alikuwa mtu wa mpango. Alivifunga mara moja kwa mwezi, akavipanga mstari: uzi mweusi, uzi mwekundu, uzi mweusi, uzi mwekundu.

Baba alifungua cheusi, akakuta kidonge kizima. Akafungua chekundu, akakuta nusu.

Alikaa na ile nusu kiganjani. Katika duka lake, tangu alipokuwa mwanafunzi wa fundi mwingine, nguo iliyokwisha ilifungwa uzi mweusi na nguo ambayo bado ilifungwa uzi mwekundu. Mwekundu maana yake mkono mmoja haujawekwa, au pindo bado. Mteja akija usimpe. Mama alikaa naye dukani miaka kumi na mitano akishona vifungo, na sheria hiyo aliijua kama alivyolijua jina lake. Baba akaelewa, au akadhani ameelewa: mke wake alikuwa hajamaliza kuvifunga. Alikuwa anakata vidonge, kazi ikamkatikia njiani.

Akachukua kisu, akakata vidonge vingine kutoka kwenye chupa, akatia nusu kwenye kila kifurushi chekundu. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu, miwani puani, asipoteze hata unga. Alipomaliza aliona kwamba, tangu msiba uingie, hili ndilo jambo la kwanza alilomfanyia mke wake.

"Fungua mdomo, mama," akamwambia binti yake.

Tiki akafumba macho, akafungua mdomo.

*

Wiki ya tatu, asubuhi, Tiki alipiga mswaki na sinki likawa jekundu. Akafungulia maji, akalisafisha, akatoka. Lakini Shangazi alikuwa nyuma yake na taulo begani, na Shangazi hapitwi na kitu. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, alikuja kwa msiba wa siku tatu na sasa alikuwa ameshahamisha sufuria zote kutoka rafu ya chini kwenda rafu ya juu.

"Njoo uone mtoto wako," aliita. "Anatema damu kama aliyepigwa ngumi. Na huu mkono? Nani kakufinya?"

Mkononi kulikuwa na alama nyeusi, pana kama sahani ya chai.

"Niligonga meza," Tiki alisema.

"Meza gani hiyo yenye hasira? Onyesha mguu. Haya, na mguu nao uligonga meza?"

Baba alitoka chumbani na shati halijafungwa vifungo. Aliutazama ule mguu, akalitazama kopo juu ya kabati.

"Ni hiyo dawa," Shangazi alisema. "Dawa ya kulainisha damu, damu imelainika mpaka inamwagika. Mimi sikusoma, lakini hilo halihitaji shule. Aache."

"Akiacha moyo unasimama, dada."

"Nani kasema?"

"Mama yake alisema."

"Alisema vipi hasa? Aache siku ngapi ndiyo usimame?"

Baba hakujua. Hakuna aliyejua. Walisimama watatu kwenye ukumbi mwembamba, kila mmoja akimwangalia mwenzake kama wanaotafuta funguo, na aliyekuwa nazo alikuwa kaburini. Tiki mwenyewe alikuwa akiangalia sakafu. Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakulisema, kwa sababu asingeweza kulisema mbele ya baba yake na hakutaka kulisema mbele ya Shangazi, ambaye angelitangaza mpaka dukani.

"Unajisikiaje?" Baba aliuliza.

"Vizuri tu."

"Mwongo," Shangazi alisema. "Midomo myeupe kama chokaa."

Baba akauchukua ule mkoba kwenye kitasa. Ulikuwa haujaguswa tangu Jumanne ile. Akauvaa begani, mkoba wa kike wa kahawia, juu ya shati la kazini lenye pini za kushonea kwenye ukosi.

"Twende kliniki," alisema.

"Utavaa hivyo barabarani?" Shangazi alimwuliza, lakini walikuwa wameshatoka.

*

Kliniki ya watoto ilikuwa na picha za twiga ukutani na viti vifupi. Tiki alikaa kwenye kimoja, magoti yakamfika kidevuni. Akina mama wenye watoto wachanga walimwangalia, wakamtafuta mtoto aliyemleta.

Muuguzi wa pale aliitwa na watoto wote Mama Puto, kwa sababu kila aliyechomwa sindano bila kulia alipewa puto. Alipomwona Tiki alifungua mikono, halafu akauona mkoba begani kwa Baba na mikono ikashuka.

"Mama yuko wapi?"

Baba alimwambia. Mama Puto alikaa kwenye meza, juu ya makaratasi. Watoto wawili walikuwa wanalia kwa zamu.

"Nilisema tu mbona Jumanne hamkuja," alisema hatimaye. "Yule haijatokea hata siku moja akakosa. Nikasema pengine amenikasirikia."

"Akukasirikie kwa nini?"

"Kwa barua." Alimgeukia Baba. "Hakukwambia? Mwezi ule binti alipotimiza kumi na nane nilimpa mama yake barua ya kwenda jengo la watu wazima. Hapa mwisho ni kumi na nane, kompyuta yenyewe inamfunga. Mama akasema nimpe mwezi mmoja. Nikampa. Akaomba mwingine. Nikawa namwandika kwa mkono pembeni, napima damu kimyakimya. Miezi minne. Mkubwa wangu amegundua wiki iliyopita, na mimi mwenyewe nina barua yangu ya kujieleza."

"Sasa mpime leo tu, Sista. Anatoka damu."

"Maabara sasa hawataipokea, wamekatazwa. Damu itakaa kwenye kichupa mpaka ioze." Alimshika Tiki kidevu, akamfunua mdomo, akauangalia ufizi. Sauti ikabadilika. "Barua iko wapi? Angalia kwenye mkoba."

Baba aliufungua mkoba juu ya kaunta, mbele ya akina mama. Akatoa chanuo lenye nywele. Akatoa miwani iliyofungwa kwa uzi kwenye mkono mmoja, pipi mbili, kitambaa, kadi ya kliniki. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wenye zipu, imekunjwa mara nne, bahasha haijafunguliwa. Akaanza kuvirudisha vile vitu. Pipi moja ikaanguka, mtoto mmoja akaiokota na kukimbia nayo.

"Mwache," Tiki alisema.

Mama Puto alivuta faili kutoka kabatini, nene kama tofali. "Mahali pake ni hapa, lakini nendeni nalo. Vukeni uwanja, ghorofa ya kwanza. Msingoje foleni, mwambieni karani ana valvu na anavuja damu. Maneno hayohayo." Alikuwa anampa Baba faili, kisha akaliondoa na kumpa Tiki. "Na wewe nisikilize. Kule watakuuliza wewe. Mara tatu nilimwomba mama yako akae nje dakika tano tu, nikufundishe kujibu. Aligoma. Akasema nikimtoa utababaika. Nami nikamwonea haya." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Nendeni."

*

Karani wa watu wazima hakuinua uso.

"Jina la mgonjwa, umri, anaumwa nini."

"Binti yangu ana valvu na anavuja damu," Baba alisema.

"Nimeuliza mgonjwa. Yeye hana mdomo?"

"Anao," Baba alisema.

"Basi autumie. Miaka?"

"Kumi na minane," Tiki alisema, sauti ikatoka ndogo.

"Kumi na minane ni wa kulipia. Dirisha la tatu, halafu mrudi."

Kule kwa watoto ilikuwa bure. Baba alitoa pesa ya kitambaa cha mteja, akapanga mstari dirisha la tatu nyuma ya watu sita, na kila mmoja wa wale sita alikuwa na la kubishana na mtu wa ndani. Alipogeuka alimwona Tiki ameegemea ukuta, faili kifuani, macho amefumba. Aliwaambia walio mbele yake, "Jamani, mwanangu." Hakusema zaidi. Wawili wakampisha. Wa tatu akamwambia kila mtu hapa ana mwanawe.

Chumba cha daktari kilikuwa na kitanda, meza na kalenda ya mwaka uliopita. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kikohozi. Pembeni muuguzi mnene wa kike alikuwa anapanga vichupa. Walimtoa Tiki damu kwanza, muuguzi akaipeleka maabara mwenyewe, na pale sindano ilipoingia hapakukauka. Pamba tatu zililowa.

"Unatumia dawa gani?" daktari aliuliza.

"Ya kuzuia damu isigande," Baba alisema.

"Namuuliza yeye."

Tiki akasema, "Ya kuzuia damu isigande."

"Inaitwaje?"

Tik, tik, tik.

"Unameza kiasi gani?"

"Sijui. Inasagwa."

Daktari alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Inasagwa?"

"Kwenye kijiko."

Muuguzi aliyekuwa amerudi mlangoni alicheka kidogo, akajifanya anakohoa. Masikio ya Tiki yakawaka moto.

"Ni kimoja kwa siku, daktari," Baba alisema. "Nampa mimi mwenyewe. Sijakosa hata siku moja."

Daktari alikuwa anafunua faili. Akasimamisha kidole. "Hapa imeandikwa kimoja leo, nusu kesho. Kimoja, nusu. Miaka miwili sasa ni hivyo. Nani kabadilisha?"

Baba alifungua mdomo. Akaona vile vifurushi mstarini, mweusi, mwekundu, mweusi, mwekundu, na safari hii akauona ule mpangilio kwa jinsi mke wake alivyouona. Mama alichukua tu nyuzi zilizokuwa karibu. Hakuna pindo lililobaki. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Nyekundu zilikuwa nusu," alisema. "Kwetu dukani nyekundu ni kazi ambayo bado. Nikajua hakumaliza. Nikazijaza."

"Siku ngapi?"

"Tangu tuzike."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakufoka, na Baba angependa afoke. "Mbali na fizi, damu inatoka wapi kwingine?"

"Fizi tu," Baba alisema. "Na alama za mwilini."

Daktari alikuwa anamwangalia Tiki. Tiki alikuwa anamwangalia baba yake, lile shati, zile pini, ule mkoba wa kahawia. Miaka yote kwenye chumba cha daktari yeye alikuwa anaangalia twiga ukutani na kungoja wakubwa wamalize. Hapa ukutani palikuwa na kalenda tu.

"Baba," alisema, "naomba utoke."

"Nini?"

"Naomba utoke nje, Baba."

"Mimi ni baba yako. Kuna nini nisichoweza kusikia?"

"Toka, Baba, tafadhali. Sitasema ukiwa hapa."

Baba alimgeukia daktari apate wa kumtetea. Daktari alikuwa anasafisha miwani. Basi akanyanyuka, akagonga kiti, akakirudisha mahali pake, akatoka na mlango ukafungwa nyuma yake na muuguzi.

Tiki alisema haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Alisema yuko kwenye siku zake na leo ni siku ya kumi na moja. Alisema vitambaa havitoshi, amechana shuka la zamani la mama na analifua bafuni wengine wakilala. Alisema akisimama anaona giza. Halafu akashika paji la uso.

"Kuna kingine," muuguzi alisema. Alikuwa ameacha vichupa na kuja kusimama karibu.

"Kichwa kinaniuma. Tangu jana mchana." Akaanza kulia. "Mama alisema kichwa kinamgonga, akafa. Nikisema nyumbani kwamba kichwa kinauma, Baba atakufa na yeye."

Daktari alikuwa ameshashika simu.

*

Baba alikaa kwenye benchi la korido, akauona mlango ukifunguka na binti yake akitolewa kwenye kitanda cha magurudumu, muuguzi akisukuma mbio. Alisimama kuwafuata. Daktari akamshika mkono.

"Anakwenda kupigwa picha ya kichwa. Majibu ya damu yametoka. Namba inayoonyesha damu yake inachelewa kiasi gani kuganda inatakiwa kuwa kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Imesoma kumi na moja."

"Kumi na moja ni kitu gani?"

"Ni kwamba popote palipo na tundu, hata dogo kama la sindano, damu haisimami. Nataka kujua kama tundu hilo liko kichwani."

"Likiwepo?"

Daktari alikohoa. "Tungoje picha."

Alingoja dakika arobaini. Baba alizitumia zote kusimama. Mtu mmoja wa benchi alimwambia, "Mzee, kaa, unatuumiza macho," naye akasema ahsante kana kwamba amepewa maji. Simu ililia, alikuwa Shangazi, anauliza achemshe chai ya watu wangapi. Baba alishindwa kujibu. Shangazi akasema kwa sauti ambayo Baba hakuwahi kuisikia tangu wakiwa watoto, "Mdogo wangu, nakuja."

Muuguzi ndiye aliyeleta habari. Kichwani hamna damu. Imepotea nyingi kwa chini, ataongezewa chupa mbili, na dawa ya kuishusha ile namba wataitoa kwa vipimo, kwa sababu wakiishusha mno chuma kitaganda. "Na hali chakula, mzee. Mtu akiacha kula, hiyo dawa inapata nguvu zaidi. Hukuona kwamba hali kitu?"

Baba alikuwa hajaona. Hakuna aliyekuwa anakula kule nyumbani, na hakuna aliyekuwa anatazama sahani ya mwenzake.

"Damu imepotea kwa chini wapi?" aliuliza.

"Mambo ya wanawake. Ameshaniambia mimi, imetosha."

*

Wodi ya watu wazima haikuwa na kiti cha mzazi. Kule kwa watoto mama alilala sakafuni chini ya kitanda na hakuna aliyemfukuza. Hapa saa kumi na mbili kengele ililia na mlinzi akapita akisema wageni, wageni. Tiki alikuwa kitanda cha dirishani, mrija mkononi, kati ya bibi aliyekuwa anahesabu kwa sauti na mwanamke aliyegeukia ukuta.

"Nitalala hapo korido," Baba alisema.

"Watakutoa."

"Watanitoa kwani mimi mwizi? Dawa ya jioni nani atakupa?"

"Wananipa wenyewe. Nimeshameza."

"Umemeza nini?"

"Kidonge cha presha ya tumbo, sijui. Hapana, ngoja." Alikunja uso, akasema jina la dawa polepole, silabi moja moja, jinsi muuguzi alivyomfundisha. "Kulinda tumbo. Ile nyingine nimesimamishwa mpaka namba ishuke."

"Umemeza kizima?"

"Kilikwama. Muuguzi akasema ninywe maji tena, hakuna kijiko hapa."

Baba alicheka na uso ukamharibikia katikati ya kicheko. Akashika chuma cha kitanda.

"Nilidhani namsaidia mama yako kumaliza," alisema.

Tiki aliuangalia mrija. Angeweza kumwambia si kosa lako. Shangazi alikuwa amekwisha kumwambia Baba hivyo mara nne tangu afike, na kila mara Baba alizidi kuinama.

"Ningekuwa najua kiasi changu, ningekwambia," alisema. "Sikujua. Nina miaka kumi na minane, Baba, na sikujua."

"Mgeni," mlinzi alisema. "Hata wewe mwenye mkoba."

Tiki alikaa humo siku tisa. Siku ya tatu namba ilishuka mpaka nne, siku ya nne ikashuka mno, mpaka moja na nusu, na siku nzima ile daktari alikuja mara tatu kusikiliza kifua chake na hakusema anasikiliza nini. Walimchoma sindano za kuilinda valvu tumboni asubuhi na jioni mpaka ile dawa ikarudi kufanya kazi. Asubuhi ya kutoka, daktari alisimama miguuni pa kitanda, akafunga faili ili Tiki asichungulie.

"Unatumia nini, kiasi gani, lini, na ukiona nini unakuja mbio?"

Shangazi alikuwa ameshafungua mdomo. Baba akamkanyaga mguu.

Tiki akajibu. Alikosea siku moja, akajirekebisha mwenyewe. Bibi wa kitanda cha pili akaacha kuhesabu, akasema, "Huyo kafaulu."

*

Mama Puto alipewa onyo la maandishi na bado yuko kwa watoto. Shangazi alirudi kwake, na sufuria zikabaki rafu ya juu. Mkoba Baba aliurudisha kwenye kitasa.

Kliniki ya Tiki sasa ni Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, ghorofa ya kwanza, na anakwenda peke yake. Majibu yakitoka humpigia Baba simu na kumsomea namba, naye huiandika kwa chaki ya kupimia nguo kwenye ukuta wa duka, nyuma ya cherehani. Mwezi huu ni mbili nukta tisa.